Samaki wa Sadik

Tangu mumewe Sadik afariki, Sitti alikuwa na wageni watatu tu, na wote watatu walikuja kwa sababu ya samaki. Hakujidanganya juu ya hilo. Angekuwa muuza maandazi au fundi wa kushona, hata hao wasingeonekana mlangoni, na Ijumaa zake zingefanana na Jumatatu zake.

Kazi yake ilikuwa kufunga nzi. Unaibana ndoana ndogo kwenye jiliwa, unaizungushia uzi wa hariri, unaongeza unyoya wa shingo ya jogoo na nywele kidogo za mkia wa ng'ombe, unavuta, unafunga fundo, na mwishowe unapata kidude ambacho samaki akikiona juu ya maji anadhani ni mdudu aliyeanguka. Majirani zake wa Bwaise, pale Kampala, walichukua muda mrefu kuelewa. Wapo walioapa kwamba bibi huyu Mnubi anatengeneza hirizi, na mmoja alishakuja kuomba ya kumrudisha mume. Sitti alimwambia hiyo hana, angekuwa nayo angeanza na wa kwake.

Kila Jumanne alikwenda Kalerwe kwa wachinja kuku. Walimjua. Walimwekea kando shingo za majogoo wekundu, na walimcheka kwamba wenzake wanakuja kununua nyama, yeye anakuja kununua takataka. Alicheka nao, akakaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akarudi na mfuko wa manyoya kwenye nyumba yake ya vyumba viwili ambamo hakuna aliyemuuliza amechelewa wapi. Mwanawe wa pekee, Abdul-Karim, alikuwa dereva Dubai. Alipiga simu kila Jumapili, dakika kumi, na simu ikiwa kwenye spika ili wenzake saba wa chumbani wamsalimie mama.

Ziwa lenyewe lilikuwa mbali, juu ubavuni mwa Mlima Elgon, mahali ambapo asubuhi mtu huvaa makoti mawili. Ni dogo. Mtu mwenye magoti mazuri analizunguka kabla sufuria ya wali haijaiva. Ndani yake mna trauti, samaki wa maji baridi, mwenye madoa mgongoni na mstari wa rangi ya waridi ubavuni; mwalimu mmoja Mzungu aliwapandisha huko zamani ndani ya madebe ya maziwa. Huko wakapata chakula kizuri lakini cha wachache, kwa hiyo wakawa wachache na wakawa wakubwa. Dokta Ocaya, daktari wa mifugo aliyestaafu, alikuwa amepiga hesabu: wale wakubwa hawazidi arobaini kwa wakati wowote. Watoe ishirini, alisema, utabaki na bwawa la vyura.

Sadik ndiye aliyelikuta. Alikuwa akiendesha lori la viazi pamoja na rafiki yake Wahabi, gari likaharibika, na walipokuwa wakitafuta maji ya rejeta wakaona kitu kinaruka ziwani chenye urefu wa mkono. Wakamwambia Ocaya kwa sababu alikuwa na ufito wa kuvulia na mdomo mzito. Wa nne alikuwa Satya, Msabiny aliyelima viazi kando ya maji na kulilinda ziwa bila kuajiriwa na mtu. Hao wanne wakatunga sheria, na wakaishi nazo miaka ishirini na miwili. Ziwa halitajwi jina. Simu zinaachwa nyumbani kwa Satya, hakuna picha. Safari ni nne kwa mwaka. Na samaki anarudishwa majini mzima.

Sasa, mvuvi ambaye haruhusiwi kujisifu anaweza kupasuka. Sadik alilijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kupasuka. Ndipo akaanzisha desturi ya karatasi. Samaki alilazwa juu ya karatasi iliyolowa, mmoja akaishikilia pembe, mwingine akapitisha penseli kumzunguka, wakahesabu mpaka kumi, samaki akarudi ziwani. Kwenye karatasi waliandika tarehe, urefu, jina la mvuvi na nzi aliyetumika. Mahali hawakuandika kamwe. Karatasi zililetwa Kampala kwa Sitti, kwa kuwa nzi walikuwa wake, na akazitandaza ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, uso juu.

Yeye mwenyewe ziwa hakuwahi kuliona. Mwanzoni mtoto alikuwa mdogo, kisha lorini hapakuwa na nafasi, kisha magoti yakakataa. Alilijua kwa karatasi thelathini na moja. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwisho ya Sadik, sentimita sitini na nane, na ncha ya juu ya mkia wa samaki huyo ilikuwa na pengo lenye umbo la mwezi mchanga. Fisi-maji alimuuma alipokuwa mdogo, Sadik alieleza. Penseli yake ilikuwa imeingia na kutoka kwenye lile pengo kwa uangalifu mkubwa, wa mtu anayetaka aaminiwe. Alisema samaki yule alimtazama kama karani aliyekatizwa chai. Alisimulia hivyo wiki nzima, akishika kikombe, na miezi mitatu baadaye presha ikamchukua.

Baada ya mazishi Sitti alitegemea wale watu wataacha kuja. Hawakuacha. Wahabi alikuja kila Ijumaa baada ya swala, akanywa chai ya tangawizi, akachagua nzi ambao hakuwahitaji. Dokta Ocaya alipita mwisho wa mwezi. Satya alishuka mara mbili kwa mwaka na gunia la viazi. Walizungumza juu ya upepo, maji na samaki wa mkia uliong'atwa, kama bado yupo au la, na jina la Sadik lilitajwa bila mtu kushusha sauti. Kwa ajili ya hizo saa chache Sitti aliishi.

Aprili ile mvua ilinyesha siku tatu, mfereji ukafurika, na maji yakaingia nyumbani kwake asubuhi akiwa anakoroga uji. Alipandisha godoro mezani. Sanduku alilikumbuka kwa kuchelewa. Alipolifungua, karatasi za chini zilikuwa zimeanza kulowa, naye akakaa juu ya kiti, miguu ndani ya maji machafu, akalia kwa sauti.

Aliyemsikia ni Annick. Alikuwa mpangaji wa nyumba ya pili, mwanamke wa Bukavu wa miaka thelathini na kitu, aliyeuza vitenge na kuvitangaza kwa video mtandaoni. Walikuwa hawajawahi kupita salamu. Siku hiyo alikunja gauni, akaingia na ndoo, akachota maji mpaka mchana. Kisha akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na wakazianika karatasi juu yake moja moja, kama nguo. Sitti alipika chai. Annick akauliza mambo haya ni nini.

Hapo ndipo ulipo mzigo wa lawama, na Sitti mwenyewe hakuwahi kuusukuma kwa mtu mwingine. Miaka minne alikuwa amezungumza na watu watatu kwa zamu. Sasa mbele yake alikaa mtu mwenye macho makubwa, aliyekunja miguu kitandani kama binti wa nyumbani, na aliyetaka kujua. Sitti alisema. Alieleza hariri na manyoya, alieleza sheria, alieleza Sadik na karani aliyekatizwa chai. Alipofika kwenye jina la ziwa akafunga mdomo, na alijisikia fahari kwamba amefunga. Annick akaomba achukue video ya vidole vyake vikifunga nzi. Vidole, Sitti aliona, havina siri yoyote. Akakubali. Walicheka sana mchana ule. Annick alizunguka na simu huku na huku, mbele ya Sitti, nyuma ya Sitti, kati ya zile karatasi zilizokuwa zikichezacheza kwenye kamba.

Karatasi hizo zilitoka wapi? Kwa Satya. Huko juu hakuna duka la vifaa vya shule. Walikuwa wakipasua mifuko ya unga wa mahindi, ile mikubwa ya kaki, na kuchora kwa ndani ambako ni safi. Kwa nje palikuwa na chapa ya kinu: kichwa cha nyati, na chini yake jina la kituo cha biashara ambacho mimi pia sitakitaja. Miaka ishirini na miwili wanaume wanne waliuma ndimi zao, na muda wote huo nyuma ya kila samaki palikuwa pameandikwa njia ya kumfikia. Sandukuni, karatasi zikilala uso juu, hakuna aliyewahi kuona. Kwenye kamba zilionekana pande zote mbili.

Video ilipendwa. Watu walipenda vidole vya bibi, walipenda kicheko chake, na kisha wakaanza kuuliza juu ya samaki. Siku ya nne mtu mmoja akaisimamisha video pale penye kichwa cha nyati, akalikuza jina, akaandika kwamba anakifahamu kituo hicho na kuna ziwa juu yake. Siku ya sita kampuni moja ya utalii yenye ofisi Nakasero ikatangaza mashindano ya kuvua trauti, Siku ya Mashujaa, tarehe tisa Juni. Fito sitini, mahema, muziki, na zawadi kwa atakayeleta samaki mkubwa kuliko wote mezani, akiwa amekufa bila shaka, maana mezani samaki hafiki vinginevyo.

Wahabi alikuja Jumatano. Sitti alipomwona mlangoni siku isiyo yake alijua. Hakukaa. Alimwonyesha simu, kidole juu ya kichwa cha nyati.

"Mama Karim, hii kitu nani alitoa?"

Sitti alisema ni yeye. Hakutaja maji, hakumtaja Annick, hakutaja chai. Wahabi aliangalia ile kamba, akaangalia karatasi, akageuza moja akasoma nyuma. Akakaa chini polepole. Akasema naye amezishika kwa mikono yake zote, na hakuwahi kuzigeuza. Huo ndio wema wa mwisho aliomfanyia, na Sitti aliukumbuka.

Satya alipiga simu Jumapili. Magari mawili yalikuwa yamefika kuangalia mahali. Kwa bahati mvua ya mawe ilinyesha, samaki wakabaki kilindini, na wale watu waliambulia visamaki vitatu vya ukubwa wa kidole, wakalalamika. Lakini waliacha wavu majini usiku ule. Satya aliuvuta kabla hawajaamka na akakuta wakubwa wanne wamekufa ndani yake. Aliwazika kwenye shamba la viazi mtu asiwaone. Alipoulizwa, alisema wavu umetoka mtupu. Kwenye simu alikuwa akilia, mtu mzima wa miaka sitini na saba.

Wakakutana nyumbani kwake, Sitti, Wahabi na Dokta Ocaya. Dokta alikuwa ameandaa barua kwa serikali ya wilaya, kurasa tatu, nzuri sana. Wahabi akauliza itasomwa lini. Dokta akakiri kwamba barua yake ya mwisho, ya ugonjwa wa miguu na midomo, ilijibiwa ng'ombe wakiwa wamekwisha kufa. Wakafikiria kuziba barabara. Wakafikiria kuwaomba watu kwa heshima wasiende, na hata Sitti akacheka, kwa kuwa mwambie mtu wa Kampala asiende mahali, atakuwa huko kabla hujamaliza kusema.

"Wataacha kama hakuna samaki," alisema Sitti.

Dokta akasema samaki wapo, ndiyo taabu yenyewe. Sitti akasema wapo, lakini nani amewaona? Waliokwenda wamerudi na vidole vitatu. Kilichobaki ni karatasi. Na karatasi ni mchoro tu, mtu yeyote mwenye penseli anaweza kuuchora.

Wahabi alielewa kabla ya Dokta. Alisimama.

"Hapana. Mama Karim, Sadik hakuwa mwongo. Mimi nilikuwa pale. Ile karatasi, mimi nilishika isipeperuke."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nitasema mimi. Wewe utashindwa."

"Na sisi tutasema nini, watu wakituuliza?"

"Mtacheka," alisema Sitti. "Wakicheka, na nyinyi mcheke."

Akaongeza jambo la pili, ambalo lilimuuma zaidi ya lile la kwanza, ingawa hakuna aliyeliona. Hata wao wasiende tena. Miaka miwili, mitatu, mpaka ziwa lisahauliwe na wakubwa waongezeke upya. Gari la Dokta likionekana huko na fito juu, uongo wote utakuwa kazi bure. Dokta alitikisa kichwa kukubali, akakunja barua yake. Wahabi alikunywa chai yake mpaka mwisho, akatazama mezani, kwenye nzi waliopangwa ndani ya kopo, na hakuchagua hata mmoja.

Annick alipoitwa alikataa. Alikuwa amejificha tangu mambo yaharibike, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Maman, bantu bananiuliza kila siku, mi sikuambiya mutu. Haki ya Mungu sikuambiya. Sasa unataka niweke ingine?"

Sitti akamwambia hii ni ya kuifunga ile. Akavaa gomasi yake ya zambarau, ya Idd, akajitanda, akakaa chini ya karatasi ya mkia uliong'atwa. Aliigeuza chapa ya nyati ielekee kamera, kusudi isionekane kana kwamba kuna kitu kinachofichwa. Kisha akasema, huku akitabasamu, maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi mbele ya sufuria:

"Mimi naitwa Sitti. Hii karatasi mliona, bwana yangu alichora. Alilala hapa chini, kwa hii sakafu, na penseli. Alikuwa dereva ya lori, anaenda mbali, anarudi hana kitu ya kuniletea. Sasa ananiletea samaki ya karatasi. Kila safari samaki inakuwa kubwa. Ile ya mwisho aliona ni kubwa mno, akaikata mkia kidogo ndiyo niamini. Huko juu samaki iko, ndiyo, kama kidole. Mkienda, bebeni nyama yenu."

Na akacheka. Annick aliapa baadaye kwamba hakuna mtu duniani ambaye angeshuku kicheko kile. Alipozima simu Sitti aliendelea kucheka kidogo, kwa kuwa hakujua namna ya kuacha, kisha akaomba apewe maji.

Ile ya kwanza ilipendwa, hii ikapendwa maradufu. Watu wanapenda samaki mkubwa, lakini wanapenda zaidi mwanamume aliyeumbuliwa na mkewe. Wale wa magari mawili wakajitokeza kushuhudia kwamba ni kweli, walipata vidole vitatu. Kampuni ikahamishia mashindano yake Jinja, kando ya mto, kwa sangara. Tarehe tisa Juni Satya alipiga simu, akasema amekaa ukingoni tangu alfajiri na hakuna aliyekuja isipokuwa ng'ombe.

Ziwa likapona. Sitti akabaki na yaliyobaki.

"Samaki wa Sadik" ikawa kauli ya mjini. Mwanasiasa akiahidi barabara, watu walisema ni samaki wa Sadik. Mkopeshaji akiahidi riba ndogo, samaki wa Sadik. Amito, mwanamke aliyeuza mkaa mkabala na mlango wake, aliichukua kuwa salamu. Kila Sitti alipotoka na kapu, Amito aliuliza, bila ubaya wowote, "Na samaki je, mama?" Sitti alicheka. Alikuwa ameahidi kucheka.

Jumapili iliyofuata Abdul-Karim alipiga simu kutoka Dubai. Nyuma yake zilisikika sauti za wale saba, mmoja akisema jambo na wengine wakiangua kicheko.

"Mama, ni kweli? Mzee alikuwa anachora tu?"

Alikuwa na umri wa miaka tisa Sadik alipomletea karatasi ya kwanza. Mtoto alilala juu yake sakafuni kujipima kama amemfikia samaki. Sitti alitamani kumwambia atoke nje, azime spika, asikilize. Lakini alimjua mwanawe. Hakuwahi kuhifadhi jambo hata mchana mmoja, na kwa jambo la kumsafisha baba yake angeamsha Dubai nzima.

"Kweli, mwanangu. Alikuwa anachora."

Abdul-Karim alicheka, na kisha hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye amekuwa akiwasimulia watu huko, miaka yote. Akasema mtandao ni mbaya, atapiga wiki ijayo. Sitti alibaki ameishika simu, na alijichukia kwa moyo wote, na alijua kwamba angeulizwa tena angejibu vilevile.

Wahabi alikuja Ijumaa mbili. Ya kwanza alieleza jinsi msikitini walivyomtania, na jinsi alivyocheka nao kama walivyokubaliana, na akasema mate yalikuwa machungu kinywani. Ya pili alikaa akitazama ukuta ulipokuwa na kamba, na walipotazamana kila mmoja aliona kwa mwenzake kile walichokifanya wote wawili. Ijumaa ya tatu hakuja. Sitti alipika chai ya watu wawili mpaka Idd kubwa ilipopita, halafu akaacha, maana tangawizi ilikuwa ikimwagwa bure. Dokta Ocaya alirudi kwao Gulu kwa binti yake. Annick alihamia Mbarara na vitenge vyake baada ya mafuriko ya Novemba, akamkumbatia Sitti barabarani kwa muda mrefu, akaondoka. Kwa kuwa hakuna aliyevua, hakuna aliyehitaji nzi. Sitti aliendelea kwenda Kalerwe siku za Jumanne mpaka siku moja mchinja kuku akamuuliza anayapeleka wapi manyoya yote haya, na Jumanne iliyofuata hakwenda.

Karatasi alizirudisha sandukuni na sanduku akaliweka juu ya kabati, mbali na maji. Hakuzifungua. Mwaka ukapita, na miezi mitatu juu yake.

Gunia la viazi lilikuja kwa basi, bila Satya. Alikuwa amempigia kondakta simu, si Sitti, na kondakta alilituma kwa mpanda boda mpaka mlangoni. Sitti alikaa chini, akafungua kamba, akaanza kutoa viazi kimoja kimoja kwenye beseni. Katikati ya gunia mkono wake ukagusa karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

Aliitandaza sakafuni. Ilikuwa ya kaki, na pembe ya chapa ilikuwa imekatwa kwa kisu. Juu, kwa mwandiko mkubwa wa Satya ambaye hakumaliza darasa la nne, palikuwa na tarehe ya wiki iliyopita. Alikuwa amerusha ndoana mara moja tu, aliandika, kuangalia kama wapo. Nzi alikuwa jogoo mwekundu, wa Mama Karim, yule wa mwisho aliyemwachia. Sentimita sabini na tatu. Amerudi majini mzima.

Sitti alifuata mstari wa penseli kwa kidole, kutoka mdomoni, kupitia mgongoni, taratibu, mpaka mkiani. Kwenye ncha ya juu mstari uliingia ndani na kutoka tena.

Akaliteremsha sanduku kutoka juu ya kabati, magoti yakimlaumu. Akaitoa karatasi ya Sadik, akailaza juu ya ile mpya, mkia juu ya mkia, akaziinua pamoja kwenye mwanga wa mlango. Samaki mpya alimzidi wa zamani kwa vidole vitatu mbele na kimoja tumboni. Pengo liliingia ndani ya pengo, umbo lilelile la mwezi mchanga, limepanuka kidogo tu kama kovu linavyopanuka mtoto akikua. Alipozirudisha sakafuni, kwenye karatasi mpya, karibu na tumbo, lilikuwa limegandia gamba moja, dogo, kavu, linalong'aa. Aliligusa kwa ncha ya kidole, akaona lisije likang'oka, akaondoa mkono.

"Sadik," alisema. "Yuko hai."

Alichukua simu. Jina la mwanawe lilikuwa la kwanza, na alilitazama mpaka kioo kikazimika. Akampigia Wahabi. Iliita, ikaita, kama ilivyoita mwezi uliopita na ule wa kabla yake, mpaka ikakatika. Akakaa pale sakafuni kati ya viazi na samaki, mwanamke wa miaka sitini na minne, mwenye furaha ambayo hakuna mtu wa kuigawia, na furaha hiyo ilimuuma kuliko kilio chochote alichowahi kulia.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Amito alipita na debe la mkaa kichwani, akaona beseni, akasimama, akachungulia. Sitti aliivuta kanga yake begani, akaitandaza juu ya karatasi zote mbili, kama mtu anayesitiri miguu.

Amito alivisifu viazi, akasema ni vya mlimani hivyo, vinaonekana kwa udongo wake. Kisha akatabasamu, kwa mazoea.

"Na samaki je, mama?"

Sitti alicheka.

"Hapana," alisema. "Viazi tu."